Taa za Mama Angel

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Mchungaji kapiga simu kutoka kwetu Nkoaranga. Nikajua ananitaka mimi – taa za Krismasi pale kanisani nafunga mimi kila mwaka. Akasalimia, akauliza habari za kazi, kisha: mama Angel yupo? Nikampa mke wangu, Namnyaki, simu. Nikabaki nimeshika bisibisi kama mjinga.

Wanataka taa zinazofuata kwaya! Namnyaki kawaonyesha video ya bodi yake ndogo ya umeme, Arduino. Kidude hakijazi hata kiganja. Unakiandikia maagizo kwenye kompyuta, nacho kinaziamrisha rilei – swichi zinazojiwasha zenyewe. Tak, tak, tak.

Yeye anatengeneza simu. Fundi umeme wa nyumba hii ni mimi.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimeshinda Njiro navuta nyaya kwenye ghorofa la mtu. Narudi hapa Ngarenaro, mwalimu Sumari yuko sebuleni kwangu. Anafundisha kompyuta chuo cha ufundi, ndiye aliyempa Namnyaki mambo haya. Anakunywa chai kwenye kikombe changu. Wameinamia laptop moja, wanacheka.

Nikauliza kinachekesha nini. Namnyaki akasema kasahau nukta-mkato moja, programu nzima ikagoma. Hicho nacho ni kichekesho?

Lini kacheka hivyo kwa jambo nililosema mimi?

Jumamosi, 7 Desemba

Nimemwambia Sumari asije nikiwa sipo. Baadaye Namnyaki akaniuliza, kwa upole kabisa: "Baba Angel, unamwonea wivu mwalimu, au unanionea mimi?"

Nikaenda kununua mkate. Mkate ulikuwepo.

Jumatano, 18 Desemba

Kaniomba nimfungie kule kanisani upande wa umeme wa ukutani. Nimefunga. Kazi safi. Akawasha. Ikaanza nyota, kisha mlango, kisha madirisha moja moja, kama mtu anapita ndani na taa mkononi. Mwili ulinisisimka.

Nikamwambia waya wa nyota umelegea. Akapanda ngazi kuukagua. Haukuwa umelegea, na nilijua.

Jumapili, 22 Desemba

Mazoezi ya mwisho Nkoaranga, baada ya ibada. Mchungaji alikuwa na ibada mtaa mwingine. Wakaziba madirisha kwa mapazia, kwaya ikaimba, taa zikafuata. Bibi mmoja nyuma yangu akatoa leso, akalia. Wimbo ukaisha – makofi!

Mzee wa kanisa akashika maiki. Hajui mipango ya mchungaji, kila mwaka ananiona mimi kwenye ngazi. "Tumshukuru kijana wetu wa hapahapa, fundi Eliud! Simama wakuone!"

Namnyaki alikuwa amepiga magoti pembeni ya madhabahu, kwenye nyaya zake. Alikuwa ameshaanza kuinuka.

Nikasimama. Nikapunga mkono.

Nilitaka kusema ni yeye. Mdomo ukawa unatabasamu tu. Makofi yale yalikuwa matamu, Mungu anisamehe! Nilipogeuka, Namnyaki alikuwa amerudi chini, anakunja waya.

Njia nzima ya kurudi kaongea na Angel peke yake.

Jumatatu, 23 Desemba

Asubuhi mwalimu wa kwaya kapiga. Kanipigia mimi sasa, si Namnyaki. Wamebadilisha wimbo wa pili, taa zifuate huo mpya kesho kwenye mkesha. "Utaweza, fundi?" Nikasema bila shida. Kwa nini nilisema bila shida!

Nikampelekea Namnyaki habari jikoni. Akakausha mikono. Akafuta meza, akaweka laptop mbele yangu, akachomeka bodi na rilei zake tulizorudi nazo jana.

"Haya, fundi. Wanakungoja wewe."

"Mama Angel, jana lile jambo –"

"Nina simu za wateja." Akamshika Angel mkono. Nikamwuliza wakiwa mlangoni: nimpigie Sumari?

"Mpigie. Mwambie umezitengeneza mwenyewe, zimekushinda."

Wameondoka. Maandishi yamejaa kioo, nusu mabano. Nimebonyeza mahali, rilei zote zikalia kwa pamoja, zikanyamaza. Sijui nimefuta nini. Mwalimu wa kwaya katuma ujumbe: tunakuombea, fundi.

Nimempigia Sumari. Inaita. Nianze vipi? Mwalimu, mke wangu – hapana. Mwalimu, zile taa zangu –

Kapokea. Anauliza Namnyaki hajambo.