Sufuria Nyekundu ya Bibi Riva

Jumamosi, mtaani Bellevue, huku ugenini. Baridi imeingia rasmi. Nimevaa soksi mbili mbili na vidole bado havijapata joto. Chumba cha pili Wakongo wanafanya mazoezi ya kwaya tangu asubuhi, na kwa kawaida huwa naimba nao kimoyomoyo ingawa mimi ni Mwislamu. Leo wananikera. Kila kitu kinanikera, na anayenikera kuliko wote ni mimi mwenyewe.

Ngoja niandike, labda kifua kitapungua uzito.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: nafanya kazi za ndani kwa bibi mmoja wa Kiyahudi, mjane, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka hapa. Nitamwita Bibi Riva; mwenyewe nikiongea naye namwita Gogo, yaani bibi kwa lugha ya huku. Macho yake yamekwisha. Anaona mwanga na vivuli, basi. Kila Ijumaa, supu ya kuku ikiwa jikoni, ananikalisha mezani nimsomee sehemu ya Torati ya juma hilo. Wameigawa kwa mwaka mzima, kila juma na sehemu yake. Mimi mtoto wa madrasa ya Tanga nimeshazoea, na nikimkuta Musa au Yusufu nafurahi kama niliyekutana na mtu wa kwetu.

Nyumbani kwake nyama na maziwa havikutani, si kwenye sahani, si kwenye kijiko, si kwenye sufuria. Sufuria za nyama zina mikono myekundu, za maziwa zina ya bluu. Alinifundisha siku ya kwanza. Siku hizi mimi ndiye mlinzi wa hizo rangi, maana yeye hawezi tena kuzitofautisha.

Jumatatu ya juma lililopita nilifika nimeganda. Pasaka yao, ambapo vyombo vya kila siku hufungiwa, ilikuwa imekwisha, na nilikuwa nimevitoa nusu tu kwenye maboksi. Nilitaka chai ya maziwa na tangawizi. Sufuria ya bluu sikuiona haraka, nikachukua nyekundu. Nikachemsha maziwa, nikanywa, nikaisugua mpaka ikang'aa, nikairudisha mahali pake.

Jumatano nikarudia. Na siku hiyo ya bluu ilikuwa mbele ya macho yangu, ila ilikuwa na mabaki ya uji na nikaona uvivu kuiosha.

Ijumaa nikapika supu kwenye nyekundu ile ile. Bibi Riva akaila, akaniambia mkono wangu una baraka.

Siwezi kusema sikujua uzito wake. Haramu naijua tangu utotoni. Mtu ninayemwamini angenipikia kwenye sufuria iliyotoka kuchemsha nguruwe, halafu akanyamaza kwa sababu ameiosha vizuri, nisingemsamehe upesi. Ningelia.

Kuna na hili. Bibi Riva ana binti yake Australia. Kila Jumapili anapiga simu kumtaka mama yake ahamie nyumba ya wazee, kwa sababu kipofu hawezi kulinda jiko la Kiyahudi peke yake. Na kila Jumapili nasikia Bibi Riva akimjibu kwamba Mwanaidi, yaani mimi, ndiye macho yake. Kwa hiyo nilijiambia nanyamaza ili asije akahamishwa. Uongo mtupu. Nimenyamaza kwa ajili ya kazi yangu.

Sasa jana. Sehemu ya juma hili ina amri nyingi fupi fupi, za kutoiba, kutodanganya, kutomcheleweshea kibarua ujira wake. Nilikuwa nasoma vizuri tu. Jicho likatangulia kidogo, nikaiona inayofuata, ile inayokataza kumwekea kipofu kitu njiani akajikwaa.

Nikairuka.

"Umeruka moja, Mwanaidi," Bibi Riva akasema, anatabasamu. Amezisikia amri hizo kila mwaka tangu akiwa mtoto. "Rudi nyuma. Hiyo ndiyo yangu."

Nikarudi nyuma, nikasoma. 

Hapo ndipo ningesema. Alikuwa amekaa mbele yangu, mikono juu ya meza, ana raha zake. Badala yake niliingia jikoni, nikaimwaga kwenye sinki supu yote, niliyoipika tena kwenye nyekundu ile, nikagonga sufuria sakafuni ili asikie kishindo.

"Gogo, sufuria imeniponyoka. Supu yote imekwenda."

"Eish! Achana na supu. Umeungua? Lete mikono."

Akaishika mikono yangu, akaipapasa kidole kimoja kimoja akitafuta malengelenge. Akapapasa mpaka kwenye viwiko. Hayakuwepo, naye akamshukuru Mungu kwa sauti. Sijawahi kuona aibu ya namna ile tangu nizaliwe. Jioni ile Sabato yake akaipokea kwa mkate, samaki baridi na mayai ya kuchemsha, na akanilazimisha nichukue mkate uliobaki.

Uko hapa mezani. Nimeshindwa kuula.

Nilidhani kwa kumwaga supu nimemlinda. Nimemlinda mlo mmoja, nikamwongezea uongo mwingine, na ile sufuria iko kabatini kama kawaida. Jumatatu ningeikuta inanisubiri.

Nilitaka kumpigia simu, lakini leo ni Sabato, hashiki simu mpaka iishe jioni, nyota tatu zionekane. Nami najijua. Nikisubiri nyota nitapata kisingizio, na kesho binti atapiga, na Bibi Riva atamwambia tena kuhusu macho yake. Sitaki aseme hivyo bila kujua. Akitaka kunifukuza anifukuze, na binti akitaka kumhamisha, angalau wataamua wakijua ukweli.

Nimeshavaa viatu. Kengele ya umeme sitaibonyeza, siku yake ya Sabato umeme hauguswi. Funguo zake ninazo kwenye mkoba, kwa miaka minne nimekuwa nikijifungulia mwenyewe. Leo nitagonga, nisubiri nje mpaka aje kunifungulia.