Mpira Uliotokea Pembeni

Uholanzi, 9 Julai 1998

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, alhamdulillahi. Sijui wewe na kile kifua chako. Huku wanasema ni kiangazi, nami nalala na soksi. Jioni wenzangu wa timu hupanga foleni kuwapigia simu jamaa zao. Mimi hubaki chumbani, maana kwetu hakuna simu.

Jana tulicheza mechi za majaribio. Nilianzisha ule mpira wetu wa kukata, unaodunda upande wa mpinzani kisha kukimbilia nje kwa pembeni mwa meza. Mwamuzi akausimamisha. Nikaurudia, akausimamisha tena. Alisema kwamba kwa sisi tunaocheza mpira wa meza katika viti vya magurudumu, mpira wa kuanzisha ukitokea pembeni hauhesabiwi. Baba, silaha yangu ni hiyo moja. Mashindano yenyewe ni mwezi ujao. Nifanyeje?

Mwanao, Mwanasha

Msambweni, 20 Julai 1998

Mwanangu, marahaba.

Kifua hakijambo. Nyumba ni ile ile, ila imenyamaza mno.

Mwamuzi huyo amekosea. Nimekisoma kitabu cha kanuni tangu jalada hadi jalada. Katazo hilo halimo. Mwambie hivyo kwa adabu, bila kutetemeka. Endelea na mpira wetu. Huu si wakati wa kudeka.

Baba yako, Mwero

Uholanzi, 1 Agosti 1998

Baba, shikamoo.

Natumai u mzima. Kitabu chako ni cha wanaocheza wakiwa wamesimama. Sisi tuna kanuni zetu za ziada, na hiyo imo. Nilimwambia mwamuzi kama ulivyoniagiza. Wenzangu walicheka hadi chakula cha usiku.

Nitacheza kwa kuwa nimeletwa. Baada ya hapo nitamrudishia kocha raketi. Meza yetu uwape watoto wa shule. Sitacheza tena.

Mwanao, Mwanasha

Msambweni, 10 Agosti 1998

Mwanangu, hujambo?

Mimi sijambo, ila mabega yananiuma. Niliazima kiti cha magurudumu zahanati, nikakaa mbele ya meza, nikamwomba Kache, yule muuguzi, anianzishie mpira wetu wa kukata.

"Mwalimu, huo umeshapita!"

Akaanzisha mwingine.

"Na huo je? Umelala?"

Wa tatu niliuinamia, nusura nianguke.

"Ukivunja kiti changu, nitakulaza sakafuni!"

Mwanasha, mimi nilikufundisha nikiwa nimesimama. Mpira ulipokupita pembeni nilikuita mvivu. Kumbe aliyekaa haufikii, hata akijinyoosha vipi. Kanuni ile ni ya haki. Inakukinga wewe pia.

Jaribu mpira mrefu, wa kasi, uelekee tumboni kwa mpinzani, asijue aupokee kwa upande upi wa raketi. Kache alinifunga hivyo bila kukusudia, akashangilia uani kote.

Sikuamrishi. Nakuomba.

Baba yako, Mwero

Uholanzi, 24 Agosti 1998

Baba, shikamoo. Mabega yamepoa?

Barua yako imefika leo. Mechi zangu zote za kundi nimeshindwa, na raketi nilikwisha kuirudisha. Wenzangu wamekwenda mjini, kwa hiyo nimeisoma peke yangu katika ukumbi wa chakula. Nimecheka kwa maneno ya Kache, kisha nikalia, hata mpishi akaniletea maji bila kuniuliza kitu.

Nikamwendea kocha.

"Umesahau nini?"

"Raketi yangu."

Kesho tunacheza sisi tulioshindwa, tugombee nani asiwe wa mwisho. Nitauanzisha mrefu, tumboni. Huenda nikashindwa tena. Wa huku wana mikono kama makasia.

Meza usimpe mtu. Na siku nitakapoingia uani, baba, tucheze, nawe usisimame.

Mwanao, Mwanasha