Sinia Moja, Milango Miwili

Jumatatu, 3 Novemba
Kazi nimepata! Siku nne, kupikia mazungumzo ya Wakongo hotelini Springfield, hapa Marekani. Wa serikali na wa waasi – ndiyo, hao hao waliofunga barabara ya Goma na Kisangani. Mama amebakia Goma, Baba yuko Kisangani, mwaka wa pili hawajaonana. Na mimi niko Takoma Park, napiga simu huku na huku. Sasa nitawaona hao wakubwa kwa macho. Mungu anisaidie nisiwamwagie mchuzi.

Jumanne, 4 Novemba
Boniface, Mtanzania wa itifaki, kaniita pembeni. Dada Vumilia, tafadhali, kila kitu mara mbili: vyumba, sufuria, hata pilipili. Pande mbili wasikutane hata kwa korido. Nikauliza, na choo je? Akacheka. Kisha akasema choo pia.
Choo pia! Wamepanda ndege kuja kujificha?
Mama kapiga. Anasema Baba anakohoa kwa simu, lakini anamficha ugonjwa. Akauliza, barabara watafungua lini? Nimemwambia bado wanakula.

Jumatano, 5 Novemba
Hakuna kilichosainiwa. Siku nzima wanabishana nani aingie kwanza. Ila sombe yangu – Boniface anaiita kisamvu – imekwisha pande zote mbili! Sahani zimelambwa.
Non, inatosha. Kesho napika sufuria moja.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimefanya! Bugali moja kubwa, ugali wetu, na sombe, sinia moja, meza katikati ya korido, kati ya milango yao miwili. Beseni na birika ninavyo mimi. Sahani nimezifungia kwenye gari.
Wamefungua milango pande zote mbili, wameona, wamesimama. Wanajua. Kwetu, waliogombana wakinawa na kutia mkono sinia moja, ugomvi umekwisha. Kesho huna la kudai. Ndiyo maana hakuna anayesogea.
Boniface jasho linamtoka. Anasema meneja anakuja, nitafukuzwa, nigawe mara mbili haraka! Nimemwambia mwiko huo hapo, agawe mwenyewe. Hajaugusa.
Nimekaa hapa hapa kwenye kiti, naandika, birika iko miguuni. Bugali inapoa. Ipoe! Mama anakula peke yake kila siku, nani anamhurumia?
Mzee wa waasi amevua saa, ameitia mfukoni. Mjumbe wa serikali amekunja mkono wa shati, ameukunjua, anaukunja tena. Sasa ananiuliza, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, kama sombe iko na mawese.
Namwonyesha birika. Anawe kwanza.