Shubiri na Subira, Mama

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, huko uliko. Nakuandikia kwa sababu nimejua jambo ambalo ungelipenda kulisikia, na namba yako bado ninayo kwenye simu ingawa hakuna wa kuipokea.

Ni kuhusu shubiri, ile uliyoipanda nyuma ya jiko pale Munje, yenye majani manene ya miba. Nilikuwa na miaka saba ulipomwachisha mdogo wangu Saumu ziwa. Ulikata jani, ukaliacha litoe utomvu wake wa manjano, ukajipaka kwenye chuchu. Saumu akaja mbio kama kawaida yake. Alinyonya mara moja tu, akatema, akakutazama kana kwamba hakujui. Ulimpa uji, ukambembeleza mpaka akalala. Kisha ukatoka nje, nami nikakufuata, nikakukuta unafuta macho kwa ncha ya leso.

"Mama, imekuingia machoni?"

"Hapana, mwanangu. Ni mimi sijazoea."

Nikakuuliza kwa nini inaitwa shubiri. Ukasema hujui, ndivyo alivyoiita bibi, nikamuulize mwalimu wangu wa Kurani chuoni. Sikumuuliza.

Baadaye nikasomea uuguzi, nikapata kazi kwenye zahanati moja Ukunda. Wenzangu wa bara walisema alovera, nami nikaanza kusema alovera, hata mbele yako. Tumbo lilipoanza kukusumbua, nilikuja nikakukuta barazani na majirani wawili, mkononi una kikombe cha maji ya shubiri. Nilikunyang'anya, nikayamwaga mchangani.

"Mama, utajiua kwa ujinga," nilisema.

Majirani wakainamisha vichwa. Wewe ulisema, "Haya, mwanangu," ukaenda kukiosha kikombe.

Kwa upande wa dawa nilikuwa sawa; utomvu ule huendesha tumbo vibaya, nawe ulikuwa umeshadhoofika. Kwa mengine yote nilikosea.

Wiki iliyofuata ulikuja zahanati bila kunipigia simu. Ulikaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa wengine tangu saa mbili asubuhi, ukangoja jina lako liitwe. Ulipoingia uliniita daktari, bila kejeli yoyote, ukaniuliza vidonge humezwa mara ngapi. Nikakujibu mara tatu, baada ya chakula. Yale niliyotaka hasa kukwambia niliyaweka kwa siku nyingine, na siku zikatuishia.

Mwezi uliopita ustadhi anayewafundisha wanangu alipita nyumbani kutujulia hali. Sijui nini kilinikumbusha, nikamuuliza swali lile la utotoni. Akachukua daftari la mtoto, akaandika herufi tatu: swadi, be, re. Akaniambia kwamba kwa Kiarabu mmea ule huitwa sabiri, na kustahamili huitwa sabri. Sisi watu wa pwani tuliyachukua maneno yote mawili. Moja likawa shubiri, la pili likawa subira.

"Lipi lilimzaa mwenzake, ustadhi?"

"Allahu aalam. Wako wasemao mmea uliitwa hivyo kwa kuwa uchungu wake humezwa kwa kustahamili."

Nilimwomba radhi, nikaingia jikoni nikalia. Miaka yote ile nilidhani ulisema "haya" kwa sababu hukuwa na la kujibu.

Juzi alikuja zahanati bibi mmoja kutoka Kibuyuni, amembeba mjukuu wake aliyekuwa akiharisha. Kwenye mkoba alikuwa na chupa ya shubiri, akaificha aliponiona. Nilivuta kiti nikaketi karibu naye, nikamuuliza nani alimfundisha dawa hiyo. Alinieleza kirefu: mamake, kujifukiza nyungu, homa za zamani, watoto aliowalea na waliopona. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Ndipo nikamweleza kwamba mwili wa mtoto huyu umeshapoteza maji mengi, na shubiri itamzidishia kuharisha.

Alifikiri kidogo. "Basi nielekeze hiyo yenu, mwanangu. Nayo inachanganywa vipi?"

Tukachanganya pamoja maji ya chumvi na sukari, yeye akishika kijiko. Mtoto akanywa.

Walipoondoka, mwenzangu akauliza kwa nini nimekaa muda mrefu hivyo na mgonjwa mmoja ilhali foleni imefika mlangoni. Nikamwambia nilikuwa nazungumza na mama.

Mola akulaze pema, na unisamehe.

Mimi, bintiyo mkubwa