Shingo ya Kabula

Kijiji cha Mamba, Jumapili, tarehe 14 Mei 1995. Miaka mitatu na miezi miwili tangu niondoke nyumbani Maswa.

Asubuhi upepo wa baridi, mchana jua kali. Mgongo unauma kwa kuvuna mpunga wiki nzima. Leo hatukuingia shambani, maana Mama Regina, mwenye shamba, alikwenda kanisani.

Nimeshinda nikimalizia mkufu wa shanga wa mwanangu Kabula. Kilichobaki kilikuwa kishikizo: kikulabu upande mmoja, kipete upande wa pili. Zamani kwetu tulifunga fundo tu, lakini mama yake aliandika kwamba siku hizi watoto wa wenzake wanavaa mikufu ya kufunga na kufungua. Sikutaka wangu avae fundo.

Mwenzangu Shija anarudi nyumbani kesho na ndiye ataupeleka, kwa hiyo nilikuwa na haraka. Napitisha uzi wa nailoni kwenye kipete, naurudisha ndani ya shanga tatu za mwisho, napiga fundo, nachoma ncha kwa kaa la moto isifumuke. Mikono hii imezoea mundu. Shanga mbili nimezipasua.

Urefu nilipima kwa kiganja. Shubiri moja na vidole viwili. Ndiyo shingo ya Kabula, nilimpima mwenyewe asubuhi ile naondoka, akiwa bado amelala.

Mchana Mama Regina alirudi, akanikuta nautazama.

"Baba Kabula, mtoto ana miaka mingapi?"

Nikahesabu kwanza. Mitano.

Akamwita mjukuu wake, naye wa miaka mitano, akamzungushia shingoni. Kikulabu na kipete havikukutana. Vilibaki mbalimbali, katikati vidole viwili vinapita.

"Wewe umemtungia mtoto asiyekua, kama wa kwenye picha," akasema. "Wenzake huku wanakula ugali, wanakua."

"Mfungie mbuzi, baba!" Shija akadakia, akicheka mpaka akashika tumbo.

Nami nilicheka. Kisha nikaenda nyuma ya ghala, nikakaa huko.

Siku zote nikimwota, amelala vilevile nilivyomwacha. Sikuwahi kujiuliza kama ameng'oka jino, kama anachota maji, kama akisikia jina langu anageuka.

Baadaye niliukata uzi, nikaanza upya. Nyekundu na nyeupe zangu zilikuwa zimekwisha, Mama Regina akanipa za bluu kutoka kwenye mkufu wake uliokatika. Upande wa kipete nimetia vipete vitatu vinavyofuatana, ili mama yake achague kinachofika. Shija ameugeuzageuza, anasema huo ni ufundi.

Si ufundi. Sijui shingo ya mwanangu.

Niseme na lingine ambalo Shija halijui. Nilikuwa nimekubali kwenda Ugalla kwenye tumbaku baada ya mavuno haya, msimu mmoja zaidi. Mwaka juzi nilisema msimu mmoja. Mwaka jana nilisema hivyohivyo. Barua niliyompa Shija ilikuwa na maneno hayo tena, nimeyapamba kwa salamu nyingi ili mke wangu asiyaone haraka.

Jioni nilimwomba Shija anirudishie barua.

"Umesahau kusalimia ng'ombe?" akauliza.

Nikaichana mbele yake. Akanipa kalamu yake. Mimi ni wa darasa la tano, barua ndefu inanitoa jasho, lakini hii ilikuwa ya mistari miwili. Shija ametia barua na mkufu kwenye kopo moja, akalifunga kwa kitambaa. Kesho alfajiri anadandia lori la kwenda Mpanda.

Nimeandika hivi, na hapa nanakili nisije nikajidanganya: Ugalla siendi. Mpunga ukishapigwa na kupepetwa napanda treni, na mwezi wa saba mtaniona.