Nani Ataingia Kuniuliza

Doonside, Jumapili jioni

Mjukuu wangu Neema,

Natumaini huko Perth hujambo na masomo yanaendelea. Sisi tu wazima. Mama yako yuko zamu hospitalini, na mdogo wako bado ananijibu kwa Kiingereza nikimsalimu.

Uliniuliza kwa simu ni matibabu gani ningetaka siku nitakaposhindwa kusema. Mama yako anataka niyaandike mapema, nami sijui niandike nini. Jumatatu nilisema sitaki mashine ya kupumulia. Alhamisi ukasema utakuja Krismasi, nikaitaka mashine.

Nilipokuwa msichana, nyanya yangu aliugua sana. Wanawe walikaa sebuleni wakibishana kama apelekwe hospitali au aachwe nyumbani. Aliniita nimsogezee mto.

"Mjukuu wangu, hao wanamzungumzia nani?"

"Ni wewe, Nyanya."

"Basi waambie bado niko, na masikio ninayo."

Niliwaambia. Walishusha sauti, wakaendelea kubishana. Hakuna aliyeingia kumuuliza, na mpaka leo sijui angejibu nini.

Habari ya mashine bado inanichanganya. Lakini kuhusu mtu wa kunisemea, nimemwambia daktari aandike jina lako. Mama yako amenuna, maana nesi ni yeye. Nikamwambia, "Wewe umenieleza kinachofaa. Neema ameniuliza."

Kwa hiyo endelea kuniuliza, hata nikikujibu tofauti kila wiki.

Nyanya yako anayekungoja Krismasi