Kigari cha Faustin

Lubumbashi, komini ya Kenya

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu sana kutoka huku mbali. Natumaini barua hii itakukuta goti limepoa, na ile dawa ya kuchua niliyokutumia haijaishia kwa majirani, maana nakujua. Mihogo ya ng'ambo ya mto imekomaa? Na paa la jikoni, bado linavuja? Sisi huku hatujambo. Mke wangu Béatrice anaendelea na biashara yake sokoni, watoto wamepona mafua. Mimi ndiye ninayeshindwa kutulia. Barua hii niliianza nimeketi, sasa naiandika nimesimama, karatasi iko juu ya meza ya chuma ya karakana.

Ningeweza kupiga simu kwa jirani yako wakuite, lakini kwenye simu ningekudanganya. Ukinyamaza kidogo tu, mimi najaza maneno. Bora niandike, kuna mtu wa kwetu anapanda treni kuja Kongolo, na dada Catherine atakusomea polepole. Mwambie asiruke kitu.

Ni habari ya Faustin. Alipokuja kukaa nami uliniomba jambo moja tu, kwamba mdogo wangu asiende kuchimba madini Kambove. Hukuwa na haja ya kunieleza sababu. Ndugu yako, mjomba Albert, aliingia shimoni huko na mpaka leo hatuna kaburi la kumwekea maua. Nikakuahidi. Nikamfundisha Faustin kuchomea vyuma, na kwa muda alitulia. Halafu akaja rafiki yake Musasa kutoka Kambove, amevaa viatu vipya, anacheka kwa sauti kama mwenye mtaa. Tangu siku ile Faustin anashika nyundo, macho yako barabarani.

Alinijia kwa adabu, kama mdogo kwa kaka yake mkubwa. "Yaya, minaenda Kambove. Haiko kwa ubaya. Hapa tuko nachomea milango ya bantu bengine, lakini siye benyewe hatuna hata mulango."

Sikugombana naye. Unajua amemfuata baba, ukimpigia kelele anakuwa kiziwi. Nikaona nimpe kazi ya kumshika. Kuna nyumba moja kubwa mjini ambako huwa natengeneza mashine yao ya kukata majani. Walikuwa wamenunua nyingine, wakanipa ile ya zamani. Kisu chake kilikuwa kimelika, lakini injini ilikuwa nzima. Faustin aliwahi kunionyesha kwenye simu vijana wanaoendesha vigari vya chuma vya magurudumu manne, wamekaa chini kabisa, hakuna paa wala mlango. Nikamwambia, "Tutengeneze yetu. Siku ya Mungu tunaipeleka ku kiwanja, batoto bapande. Ngoja kwanza itembee, njo tutazungumuza habari ya Kambove."

Ndivyo nilivyosema, Mama, kwa mdomo wangu. Niliwaza kwamba ikitembea atakuwa ameshaisahau Kambove. Tukapeana mikono.

Fremu tuliichomea kwa mabomba ya maji na vyuma vya kitanda, magurudumu tukatoa kwenye toroli. Shida ikawa injini. Katika mashine ya majani kisu kinazunguka sambamba na ardhi, kwa hiyo injini inasimama na shafti yake, kile chuma kinachozunguka, inaangalia chini. Lakini ekseli ya gari, inayobeba magurudumu, imelala. Hapa komini yetu ya Kenya nani aliwahi kuona injini ya kusimama? Ya pikipiki shafti yake imelala, ya kinu cha mahindi imelala. Basi na sisi tukailaza ubavu, tukaifunga kwa boliti, tukajisifu.

Ilinguruma kidogo, halafu ukatoka moshi ambao sijawahi kuuona. Oili iliingia kusikokuwa kwake, petroli ikaanza kudondoka. Mama Hawa, jirani anayekaanga mikate pale mbele yetu, alitoka na mwiko mkononi. "Léonard! Miye niko nauzisha mikate, siuzishe moshi!" Faustin alilala chini kwa kucheka. Na mimi nikacheka, nikafurahi kumwona vile. Moyoni nikasema, asante Mungu, imekataa, ana siku nyingine hapa.

Lakini Mama, mimi ni fundi. Kitu kikikataa mkononi mwangu chakula hakipiti. Tuliifungua injini, tukaisafisha, nikaelewa kwamba iliyoundwa isimame ina oili ya kusimama, haitaki kulazwa. Tukaisimamisha. Sasa nguvu ilibidi ipinde kona, kutoka shafti inayoangalia chini mpaka ekseli iliyolala. Nikauvisha mkanda kwenye puli ya injini, lile gurudumu dogo la kuushika, nikausokota robo mzunguko kabla ya kuuvisha kwenye puli ya ekseli. Ukaruka. Nikaurudisha, ukaruka tena. Na ukivuta kamba kuwasha, injini inarudisha nyuma, kamba inakupiga vidole, kwa sababu kisu tulichokitoa ndicho kilichokuwa kinaipa uzito wa kuzunguka. Faustin akatafuta puli nzito ya chuma, hapo ikatulia. Hilo lilikuwa wazo lake. Nataka ujue, ana akili ya mikono kuliko mimi.

Kila mkanda uliporuka nilichukia na nilifurahi. Béatrice aliona. Akaniuliza, "Unataka itembee ao hautaki?" Nilitoka nje nikazunguka mtaa mzima, nikarudi kushika spana.

Mwisho tukaweka puli mbili ndogo katikati, za kuuongoza mkanda pale unapogeuka. Jumamosi Faustin alienda kununua petroli, nikabaki peke yangu. Nikainama kutazama, nikaona puli moja imekaa upande, kidogo tu. Yeye hakuwa ameiona. Ningeiacha vile mkanda ungeendelea kuruka, na yeye angeendelea kukaa. Nilisimama pale na spana mkononi, natamani uwepo uniambie la kufanya. Halafu nikainyoosha. Mama, sikuweza kuacha kazi imepinda.

Aliporudi tukawasha. Akakaa, akakanyaga pedali inayokaza mkanda, kigari kikaondoka. Kikaondoka kweli! Watu wa pikipiki walimpisha, Mama Hawa aliacha mikate ikaungua, kila mtu anapiga makofi. Faustin alifika mpaka kwenye kanisa, akageuza, akarudi na vumbi kwenye meno. Nilipiga kelele kuliko wote. Nilikuwa na furaha, siwezi kukuficha, na furaha yenyewe ilinitisha.

Akazima injini, akanikumbatia. Kisha akasema taratibu, "Yaya, ulisema ikitembea."

"Nilisema tutazungumuza."

"Bon, tuzungumuze."

Nilimtajia mjomba Albert. Akanijibu, "Minajua." Nikamtajia wewe. Akainamisha kichwa, lakini hakubadilika. "Sikutaka kukuacha na kintu imekufa, yaya. Njo maana nilibaki. Sasa iko natembea."

Jana asubuhi alipanda lori la kwenda Likasi pamoja na Musasa, kutoka pale watafika Kambove. Nguo zake za kazi alikuwa amezifua na kuzianika, bado zilikuwa zinadondosha maji. Akiwa juu ya lori alinipigia kelele, "Ile mukanda ikikatika usiiguse! Uniite, nitakuya miye!" Tangu hapo naenda barabarani narudi, naenda narudi. Wateja wananiuliza milango yao, nawajibu kesho.

Nisamehe, Mama. Nilikuahidi, na mikono yangu mwenyewe ndiyo iliyomfungulia njia.

Unisalimie dada Catherine anayekusomea, na mume wake wa relini. Mke wa mjomba Albert umsalimie pia, lakini hii ya Kambove msimwambie kwanza. Msalimie shangazi wa mbuzi, katekista, na bibi anayelala chumba cha nyuma, mwambie namkumbuka kila nikila samaki. Béatrice na wajukuu wako wanakupigia magoti.

Faustin akikupigia simu kabla yangu, mwambie mkanda umekatika na nimeshindwa kuutengeneza, nasubiri aje. Usiogope dhambi ya uongo, Mama. Nimeukata leo asubuhi kwa kisu cha jikoni.

Mwanao anayekupenda,

Léonard